Maji Yakishakauka

Likizo ya Agosti mwaka 1991, mvulana wa miaka 11 aliteka ndoo moja ya maji katika kisima cha uani nyumbani kwa mjomba wake, Mji wa Kale, Mombasa. Akakata kipande cha sabuni ya mche, akatafuta sifongo, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kumfanyia mjomba hisani ambayo hakuombwa.

Sahani aliyokuwa akiiosha haikuwa ya wali. Ilikuwa santuri ya Mbaraka Mwinshehe, mojawapo ya zile za mfululizo wa Ukumbusho zilizotolewa kwa lebo ya Polydor baada ya mwanamuziki huyo kufariki Mombasa, Januari 1979, kufuatia ajali ya gari. Santuri ilikuwa na vumbi na alama za vidole vya wageni wa miaka mingi. Mvulana aliisugua polepole, akifuata mistari kwa duara kama alivyowaona wakubwa wakifanya, akaisuuza kwa maji yale yale ya ndoo, kisha akaiegemeza ukutani kivulini. Juani hakuthubutu. Alishaonywa kwamba jua huikunja santuri kama chapati.

Jioni mjomba alirudi, akavua viatu, akaiweka santuri kwenye kinanda na kushusha sindano. Badala ya gitaa kukatoka mtatariko, kama bisi zinazopasukia ndani ya sufuria iliyofunikwa. Sauti ya Mbaraka ilikuwamo, ila mbali, nyuma ya bisi.

Mjomba hakugomba. Aliinua sindano, akaipeleka santuri mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Uso mweusi wa santuri ulikuwa umefanya utando wa kijivu, kama glasi ya chai iliyosahaulika mezani.

"Umeosha kwa maji gani, mjomba?" aliuliza. Pwani, mjomba na mpwa huitana jina moja.

"Ya kisima."

"Na sabuni ilitoa povu?"

Mvulana alifikiri. Haikutoa. Alisugua mpaka kipande kikaisha, na povu halikutokea.

"Basi sabuni yote hiyo ilikwenda wapi?"

Mvulana huyo ndiye mwandishi wa makala haya, na swali lile limemchukua miaka zaidi ya 30 kulijibu vizuri.

Jibu linaanzia chini ya ardhi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale yaliyochongwa kujengea kuta za Mji wa Kale. Maji ya mvua yanayopenya kwenye mawe hayo huyayeyusha kidogo kidogo na kubeba kalsiamu na magnesiamu, na kisima kilicho karibu na bahari huongezewa chumvi juu yake. Hayo ndiyo maji yanayoitwa magumu. Sabuni ya mche, ambayo hutengenezwa kwa mafuta, ikikutana na kalsiamu haifanyi povu. Hugeuka utando mweupe unaonata, usioyeyuka tena majini. Kila mama wa Mji wa Kale anaujua utando huo, kwani hubaki kwenye kuta za beseni baada ya kufua. Mvulana alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake juu ya santuri, kisha akausukumiza ndani ya mistari kwa sifongo.

Mistari hiyo, kwa kweli, ni mfereji mmoja unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Upana wake ni kama milimita 0.05, mwembamba kuliko unywele wa mtu mzima. Upande mmoja wa santuri ya dakika 20, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ukinyooshwa mfereji wake, utapata zaidi ya mita 400. Ni mwendo wa kutoka lango la Fort Jesus hadi ndani kabisa ya vichochoro. Sindano hutembea njia yote hiyo ikigusa kuta mbili za mfereji kwa sehemu ndogo mno, mikroni chache tu, na muziki wote umechorwa kwenye mabonde na vilima vya kuta hizo. Chembe ya chokaa isiyoonekana kwa jicho, kwa sindano ni jiwe katikati ya barabara.

Hesabu ndogo inasaidia. Chukua maji yenye miligramu 500 za madini katika kila lita, maji ambayo mtu anayanywa bila kulalamika. Yakibaki mililita 3 tu juu ya upande mmoja wa santuri na kukauka, yataacha miligramu moja na nusu za vitu vikavu. Punje ya mchele ina uzito zaidi ya mara kumi ya huo. Lakini saga hata sehemu ya kumi ya punje hiyo iwe unga, kisha uunyunyize kwenye mfereji wa mita 400, ndipo utajua bisi zinatoka wapi.

Shirika la Afya Duniani linasema ladha ya maji yenye chini ya miligramu 600 za madini kwa lita huhesabiwa kuwa nzuri, na kwamba yakizidi 1,000 ndipo yanapoanza kukera mdomoni. Kipimo hicho ni cha ulimi. Sindano haina ulimi.

Baada ya mkosi wa Mombasa, mwandishi hakugusa santuri ya mtu kwa miaka mingi. Alirudi kwenye mambo hayo akiwa na mshahara wake mwenyewe, Nairobi, katika Soko la Kenyatta. Soko hilo lina sifa ya nyama choma na wasusi, na kati ya moshi na nywele kuna vibanda vya santuri kuukuu. Alianza kurudi nyumbani Jumamosi na sahani ndogo za mizunguko 45 mfukoni: rumba za Kongo, benga, bendi za Kitanzania zilizorekodi Nairobi. Zilikuwa na masizi ya jikoni, mafuta ya vidole, na mara moja bawa zima la mende lililoganda katikati ya wimbo.

Safari hii aliosha kwa maji ya bomba na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Matokeo yalikuwa mazuri, akajipongeza. Wiki mbili baadaye akaosha nyingine kwa njia ile ile, beseni lile lile, sabuni ile ile, na bisi zikarudi.

Alisumbuka siku kadhaa kabla ya kumuuliza keateka wa ghorofa. Kumbe bomba lilikuwa moja, maji mawili. Maji ya mgao wa jiji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kwenye vijito vya milima ya Aberdare, ni laini na yana madini machache. Lakini mgao ukikatika, keateka hufungulia tangi la kisima kirefu, na maji ya visima virefu vya Nairobi hujulikana kwa madini yake, hasa floraidi, ile inayowatia watu meno ya kahawia sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Jumatatu alikuwa ameosha kwa maji ya mlimani, Alhamisi kwa maji ya mwamba. Tangu siku hiyo, mtu anayemwambia "mimi naosha kwa maji ya bomba tu na sina tatizo" humuuliza kwanza anaishi wapi, kisha humuuliza ni siku gani.

Kilichofuata ni msururu wa majaribio ambayo leo humchekesha.

Alianza kwa kuchemsha, kwa sababu nyumbani kwao maji safi maana yake ni maji yaliyochemshwa. Birika lenyewe lilikuwa limemwonya. Ule ukoko mweupe chini ya birika la umeme ni kalsiamu iliyokimbia maji wakati wa kuchemka, na ni kweli kwamba maji magumu ya aina fulani hulainika kidogo kwa moto. Lakini chumvi ya kawaida, floraidi na mengineyo hayaendi popote. Maji yanapungua kwa mvuke, yale yaliyoyeyuka yanabaki, na kila dakika jikoni huyafanya makali zaidi. Moto huua vijidudu, chumvi huiacha hai.

Akahamia maji ya chupa ya dukani. Haya alikuja kuyaelewa siku aliposoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa badala ya kutazama picha ya mlima iliyo juu yake. Jedwali dogo lilitaja kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na bikaboneti, kila moja na kiasi chake. Baadhi ya watengenezaji husafisha maji yao mpaka yakaribie kuwa matupu, halafu huyarudishia madini ili yawe na ladha. Mnywaji analipia madini hayo kwa furaha. Mwenye santuri analipia bisi.

Kisha mvua. Hili lilitoka kwa mjomba mwenyewe, ambaye utoto wake aliumaliza visiwa vya Lamu, kwenye jabia, yale mabirika makubwa ya kukinga maji ya mvua ambayo vijiji vya huko viliyategemea. "Maji ya mvua yanatoa povu mpaka unachoka kusuuza," alisema kwenye simu, na alikuwa na haki. Mvua ni maji yaliyopaa kama mvuke na kushuka tena, nayo huyaacha madini yake chini. Tatizo ni njia ya kurudi. Hupita kwenye moshi wa mjini, hugonga bati lenye vumbi na kinyesi cha ndege, huteremka kwenye mfereji wa paa wenye kutu, na karibu na bahari hubeba hata chumvi iliyopeperushwa na upepo. Mwandishi alikinga maji ya nusu saa ya mwisho ya mvua kubwa, bati likiwa limeshajisafisha, akayachuja kwa kitambaa. Yalikuwa bora kuliko yote aliyokuwa ameyajaribu mpaka hapo. Lakini Nairobi mvua hainyeshi kwa ratiba ya mtu mwenye santuri.

Maji ya AC yalikuwa ya kishawishi zaidi. Katika miji ya pwani ni jambo la kawaida kuona kidumu kimewekwa chini ya mrija wa AC, na watu huyatumia kwenye pasi za mvuke na hata kwenye betri. Yanatoka hewani, hayana chokaa, hayana bei. Mwandishi alijaza chupa moja akiwa Mombasa kwa harusi, akapanda nayo basi la usiku kama mtu anayebeba halua. Wiki moja baadaye, kabatini, chupa ilikuwa na nyuzi za utelezi zinazoelea. Maji hayo yalikuwa yameteremka juu ya mapezi ya alumini yaliyojaa vumbi na ukungu wa msimu mzima, na kuvu walikuwa wamesafiri nayo bila nauli.

Kisha ikaja siku ya gereji.

Mtu alimwambia anunue maji ya betri. Ushauri ulikuwa sahihi, jina ndilo lenye mtego. Aliingia kwenye gereji moja ya mtaani, akaomba maji ya betri, na kijana akampa chupa ya soda isiyo na karatasi, imejaa kitu kisicho na rangi. Akiwa anakaza kifuniko, matone mawili yalianguka kwenye saruji. Yakachemka. Povu dogo lilitoka pale sakafuni, likatulia, likaacha alama nyeupe. Fundi mkuu alikuja mbio, akamnyang'anya chupa na kumkemea yule kijana. Ilikuwa asidi ya salfa, ile inayotiwa kwenye betri mpya ambayo haijawahi kutumika. Kwa mafundi wengi, ile na maji ya kuongezea kwenye betri ya zamani huitwa jina moja, na anayetofautisha ni yule anayejua umekuja kufanya nini. Alichokuwa akikitaka kiliuzwa kituo cha mafuta, hatua 50 kutoka pale, kwenye chupa iliyofungwa rasmi na kuandikwa.

Siku hiyo aliamua kuacha kubahatisha, akafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya mezani kwake. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akakiosha kwa sabuni, akakisuuza na kukipangusa mpaka kikalia chini ya kitambaa. Akakiweka juu ya kanga nyeusi. Kwa kalamu ya wino mzito akachora miduara saba, kila mmoja na herufi yake: maji ya kisima cha mjomba, aliyotumiwa kwa basi katika chupa ya juisi, ya bomba siku ya mgao, ya bomba siku ya tangi, ya tangi yaliyochemshwa, ya chupa ya dukani, ya mvua, na ya betri kutoka kituo cha mafuta. Tone moja la ukubwa uleule katika kila duara. Akakifunika kwa kawa, lile la ukili alilopewa na mama yake kufunikia vyakula, ili vumbi lisiingie, akaenda kulala.

Asubuhi kioo kilikuwa ramani. Tone la kisima lilikuwa limeacha pete nene nyeupe, kama chumvi kwenye mguu wa mvuvi, na chini ya lenzi ya kukuzia vilionekana vipande vidogo vya pembe nne, chumvi iliyojijenga upya kwa umbo lake la asili. La tangi liliacha pete ya rangi ya maziwa. Ndugu yake aliyechemshwa aliacha pete nzito zaidi. La chupa ya dukani liliacha pete inayoonekana wazi kabisa, na hilo lilimuuma kwa ajili ya pesa zake. La mgao lilikuwa hafifu. La mvua halikuwa na pete, ila chembe mbili nyeusi katikati. Kwenye duara la saba hakuona kitu. Aliinamisha kioo kwenye mwanga, akakigeuza, akapumulia juu yake. Palikuwa na kioo tu na alama ya kalamu.

Kilichomvutia zaidi kilikuwa umbo la pete zenyewe. Tone linapokauka haliachi uchafu wake sawasawa. Ukingo hukauka haraka kuliko katikati, maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, nayo hubeba kila kitu kwenda huko. Ndiyo sababu kikombe cha kahawa huacha duara mezani. Juu ya santuri kuna maelfu ya matone madogo yaliyobaki baada ya kupangusa vibaya, na kila moja hujenga ukuta wake mdogo wa chokaa mahali linapokaukia. Hapo ndipo swali la mjomba lilipopata jibu. Mwandishi alikuwa akichagua maji kwa jinsi yanavyoonekana yakiwa yameingia. Alipaswa kuyachagua kwa yale yanayobaki yakiwa yameondoka.

Maji yanayoondoka bila kuacha kitu hupatikana kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuyakeneka: kuyachemsha, kuukamata mvuke, na kuupoza uwe maji tena upande wa pili. Unaweza kulifanya nyumbani kwa sufuria, bakuli linaloelea ndani yake, na kifuniko kilichopinduliwa chenye barafu juu. Mwandishi alilifanya mara moja, akapata vikombe viwili baada ya saa nzima ya gesi, na hakurudia. Njia ya pili ni kuyapitisha kwenye punje za resini zinazonasa ayoni za madini na kutoa nyingine zinazoungana kuwa maji. Ya pili huweza kuacha nyuma vitu visivyo na chaji ya umeme, lakini kwa santuri tofauti hiyo ni ndogo. Kuna pia maji ya maabara, yaliyosafishwa mpaka umeme haupiti kirahisi. Hayo yana bei ya maabara, na yakikaa wazi hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kuanza kubadilika kabla hujaosha chochote. Chupa ya kituo cha mafuta inatosha, mradi imefungwa na imeandikwa.

Lakini maji matupu yana kiburi chao. Mara ya kwanza mwandishi alipoyamwaga juu ya santuri, yalijikusanya kuwa shanga, yakateleza hadi ukingoni na kudondoka. Hayakuingia kwenye mfereji hata kidogo. Maji yana mvutano mkubwa usoni mwake, na plastiki ya santuri ni kitu yasichokipenda. Hukalia juu ya mistari kama mgeni aliyekataa kuketi. Ndiyo maana hatua ya kuosha inahitaji kitu cha kuvunja mvutano huo. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo inatunza moja ya hazina kubwa kabisa za sauti duniani, hupendekeza maji yaliyoondolewa ayoni pamoja na kiasi kidogo sana cha sabuni ya aina isiyo na chaji. Sabuni ya vyombo hufanya kazi ikiwa ni tone moja kwa lita, ila ina manukato, rangi na vitu vya kulainisha mikono, na hivyo navyo hubaki. Kwa hiyo kila kilichoingizwa ili kusafisha lazima kisuuzwe kitoke, na hapo ndipo maji matupu yanapolipa bei yake.

Wengine huongeza alkoholi kidogo ili maji yasambae na kukauka haraka. Kwa santuri za vinaili jambo hilo linavumilika. Nusura lilete msiba nyumbani kwa mjomba.

Katika kabati lake kuna sahani nzito ya mizunguko 78, ya enzi zile ambazo Siti binti Saad alisafirishwa kutoka Zanzibar mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi. Mwandishi, ambaye wakati huo alishajiona fundi, aliitoa na kuinua chupa yake ya kunyunyizia. Mjomba alimshika mkono.

"Fundi seremala anapopiga rangi ya kung'arisha kabati, vile vipande vya sheleki huviyeyusha kwa nini?"

"Kwa spiriti."

"Na hii imetengenezwa kwa nini?"

Kwa kawaida sahani za 78 hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa India, ukichanganywa na unga wa mawe, na alkoholi huuyeyusha utomvu huo kama inavyofanya kwenye karakana. Hata maji matupu hupewa kwa uangalifu. Ule unga wa ndani hunyonya unyevu, kwa hiyo sahani huoshwa haraka, husuuzwa haraka na kupanguswa haraka, bila kulowekwa. Mpwa alirudisha chupa mfukoni.

Yapo mambo ambayo usafi wa maji peke yake hauwezi kuyatatua, na historia ya kazi hii inalionyesha. Nchini Uingereza, mwaka 1969, Keith Monks alianza kuuza mashine ya kuoshea santuri iliyotokana na kazi ya Percy Wilson, na BBC ikawa miongoni mwa walioitumia. Werevu wake haukuwa kwenye maji. Baada ya kusugua, mkono mwembamba ulitembea kutoka kwenye lebo hadi ukingoni ukiyafyonza maji kutoka kwenye mfereji, na kati ya mdomo wake na santuri ulipita uzi uliokuwa ukisogea, ili mdomo usiguse na sehemu chafu ya uzi isirudi. Maji yalikuwa yanatolewa yakiwa bado maji, kabla hayajapata nafasi ya kukauka na kuacha kitu.

Asiye na mashine hiyo hufuata wazo lake kwa mikono. Leo mezani kwa mwandishi kuna mabeseni mawili na chupa moja. Beseni la kwanza lina maji ya mgao yenye uvuguvugu na tone la sabuni. Uvuguvugu, si moto, kwa kuwa plastiki ya santuri huanza kulegea ikikaribia nyuzi joto 60. Husugua kwa brashi laini kufuata mistari, lebo ikiwa imefunikwa kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira. Beseni la pili ni la kusuuza kwa maji ya mgao vilevile, na hubadilishwa kila baada ya santuri tatu. Chupa ndiyo yenye maji ya betri. Hutoa vijiko vitatu hivi kwa santuri, pande zote mbili, akiimiminia ikiwa imesimama ili yaliyotangulia yasukumwe nje, kisha huyafyonza yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kukandamiza, bila kusugua. Kwa mpango huo lita moja humaliza santuri 20. Alipokuwa akitumia maji ya gharama tangu beseni la kwanza, lita ilimwishia kwa nne.

Kisha santuri husimama kwenye kichanja cha sahani mpaka ikauke kabisa. Mombasa, kwa unyevu wa hewa yake, hiyo inaweza kuwa asubuhi nzima, na anayeirudisha mapema kwenye karatasi yake ya ndani anafuga ukungu.

Mwaka jana alikwenda nayo yote kwa mjomba: brashi, vitambaa, mabeseni, lita mbili za maji. Mjomba sasa ni mzee wa macho hafifu lakini masikio yako palepale. Mpwa aliomba ile ya Mbaraka. Ilikuwapo, ndani ya jalada lililochakaa pembeni, na utando wake wa kijivu wa mwaka 1991 ukiwa mahali pake.

Aliisuuza kwa maji matupu mara mbili, na utando haukutikisika. Alipaswa kulitarajia hilo: kilichokwishageuka chokaa ya sabuni hakirudi majini kwa kubembelezwa. Akamwomba mke wa mjomba siki nyeupe, akaizimua sana, kijiko kimoja kwa kikombe kikubwa cha maji yaliyokenekwa, maana asidi hafifu huilegeza kalsiamu na plastiki haidhuriki. Akapitisha brashi taratibu, mara moja, mara mbili, akaosha kwa sabuni, akasuuza, akafyonza. Chini ya taa ya ukumbini uso ulikuwa umerudi kuwa mweusi, wa kuonea sura.

Walikaa kusubiri ikauke. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakasali, wakala. Ndipo mjomba akashusha sindano mwenyewe, kwa mkono unaotetemeka kidogo.

Gitaa lilikuja mbele. Bisi zilikuwa zimepungua hadi chache, lakini zile chache zilikuwa za kudumu. Katika wimbo wa pili palisikika mkwaruzo unaojirudia, mahali ambapo miaka ile sindano ililazimishwa kupita juu ya chokaa na kuchubua ukuta wa mfereji. Mjomba alisikiliza upande mzima bila kusema. Ulipoisha aliinua chupa kutoka sakafuni, akaitikisa sikioni kupima kilichobaki.

"Haya ndiyo yale ya betri?"

"Ndiyo, mjomba. Ya kuongezea, si asidi."

"Basi niachie. Gari halijawaka tangu Jumatatu."